Kozi ya mtandaoni ya ukokotoaji wa dozi: inachofundisha vizuri na inapomwacha mwanafunzi wa uuguzi

Nimemaliza kozi ya wiki nane ya ukokotoaji wa dozi za dawa, inayofundishwa kwa njia ya mtandao na kukusudiwa wanafunzi wa uuguzi wanaojiandaa kuingia wodini. Nilijiandikisha baada ya kushindwa jaribio langu la kwanza la hesabu za dawa, ambalo alama ya kufaulu ilikuwa 90 kwa 100 nami nikapata 68. Ninaiandika tathmini hii kwa ajili ya mwanafunzi mwenzangu anayejiuliza kama kozi ya namna hii itamfaa. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa nina lawama kadhaa dhidi yake, na kwa kuwa mambo niliyoyatumia kuipima yanaweza kutumika kuipima kozi nyingine yoyote ya somo hili.

Jambo la kwanza ambalo kozi hii inalielewa, na ambalo vitabu nilivyotumia kabla yake havikulielewa, ni kwamba hesabu za dozi si ngumu kwa upande wa hesabu. Anayejua kuzidisha, kugawanya, kurahisisha sehemu na kuhamisha nukta ya desimali anazo zana zote anazohitaji. Kinachotuangusha ni kusoma: kulisoma agizo la daktari, kuisoma lebo ya dawa, na kujua ni namba ipi kati ya zile zilizoandikwa inahusika na swali lililo mbele yetu. Kwa sababu hiyo wiki nzima ya kwanza haina hesabu hata moja. Mwanafunzi anaonyeshwa picha za lebo za ampuli, vichupa, sirapu na vidonge, na anaulizwa maswali matatu yale yale kwa kila picha: dawa yote iliyomo ni kiasi gani, ujazo wote ni mililita ngapi, na katika kila mililita moja mna dawa kiasi gani.

Nakiri kwamba siku mbili za mwanzo niliona ninapotezewa muda. Siku ya tatu ikaja lebo ya gentamisini iliyoandikwa miligramu 80 katika mililita 2, nami nikagundua chanzo cha kosa moja katika lile jaribio nililoshindwa. Agizo lilikuwa miligramu 60. Nilizisoma zile miligramu 80 kana kwamba zimo katika mililita moja, nikagawanya 60 kwa 80, nikaandika mililita 0.75. Jibu sahihi ni mililita 1.5, kwa kuwa kila mililita ina miligramu 40. Kugawanya nilikugawanya vizuri kabisa. Mgonjwa angepata nusu ya dawa aliyoandikiwa. Hakuna mazoezi ya kugawanya, hata yangekuwa mia tano, ambayo yangenitibu ugonjwa huo.

Katika wiki hiyo hiyo wakufunzi wanaleta mfano wa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na wanautumia kwa uangalifu unaostahili. Mwaka 2007, katika hospitali moja ya Los Angeles nchini Marekani, watoto wachanga walipewa heparini ya yuniti 10,000 kwa kila mililita mahali palipotakiwa ile ya yuniti 10 kwa kila mililita, yaani mara elfu moja zaidi ya kilichokusudiwa. Tukio lile halikutokana na hesabu mbovu. Vichupa vilifanana, na aliyekichukua kichupa hakuisoma lebo hadi mwisho. Nilifurahi kuona kozi haiupotoshi mfano huo ili kuitangaza hesabu, bali inauweka mahali pake, kwenye somo la kusoma.

Wiki ya pili inahusu vizio na jinsi ya kuviandika. Gramu 1 ni miligramu 1,000, na miligramu 1 ni mikrogramu 1,000; hilo kila mmoja wetu analijua, na kozi inalipitia upesi. Inakokawia, na inafanya vyema kukawia, ni kwenye maandishi. Tunafundishwa kuandika 0.5 na kamwe tusiandike .5, kwa maana nukta isiyo na sifuri mbele yake hupotea machoni na namba ikasomeka 5. Tunafundishwa kuandika 1 na kamwe tusiandike 1.0, kwa maana nukta ikififia namba husomeka 10. Neno yuniti linaandikwa kwa ukamilifu, kwa sababu herufi U peke yake, ikiandikwa kwa mkono na kubanwa na namba, imewahi kusomwa kama sifuri, na yuniti 10 zikageuka 100. Kadhalika alama ya Kigiriki ya mikrogramu inaepukwa, kwa kuwa ikisomwa vibaya hugeuka miligramu, na dozi hukua mara elfu moja. Nyingi ya kanuni hizi zimo katika orodha ya vifupisho visivyotakiwa kutumika iliyotolewa mwaka 2004 na The Joint Commission, shirika linalokagua ubora wa hospitali nchini Marekani. Kwa mwanafunzi yeyote, popote alipo, sababu zake ni zile zile: mkono wa mwandishi na jicho la msomaji.

Kisha inafuata sehemu ambayo kwayo pekee ningeilipia kozi hii tena. Kuanzia wiki ya tatu, kila swali lina kisanduku cha makadirio kinachotangulia kisanduku cha jibu. Kabla ya kukokotoa, mwanafunzi lazima aandike kwa maneno yake kama atahitaji kidonge kimoja, zaidi ya kimoja au chini ya kimoja. Kama atavuta zaidi ya ujazo wa ampuli au pungufu yake. Na kwa nini. Programu haifungui kisanduku cha pili mpaka kile cha kwanza kijazwe. Mfano ulionishawishi ni wa digoksini, dawa ya moyo. Agizo ni mikrogramu 125, na vidonge vilivyopo ni vya miligramu 0.25. Anayekadiria anasema: miligramu 0.25 ni mikrogramu 250, agizo ni nusu yake, basi nitatoa nusu ya kidonge. Anayekimbilia hesabu anaweza kuihamisha nukta vibaya, akageuza mikrogramu 125 kuwa miligramu 1.25, na hesabu yake ikampa vidonge vitano bila kumwonya kwa lolote. Vidonge vitano vya digoksini kwa mpigo mmoja ni jibu linalopaswa kumsimamisha mtu palepale, lakini linamsimamisha tu yule aliyekwisha kujua kabla kwamba anatafuta kitu kidogo kuliko kidonge kimoja. Nimekutana na wenzangu wengi wanaofundishwa kulihakiki jibu baada ya kulipata. Jicho lililokwisha kuliona jibu huwa na huruma nalo mno, na hii ndiyo faida ya kukadiria mapema.

Kuhusu mbinu za kukokotoa, kozi inafundisha tatu na kumwachia mwanafunzi achague. Ya kwanza ni kanuni inayofahamika na wengi: dozi iliyoagizwa igawanywe kwa dozi iliyopo, kisha izidishwe kwa ujazo unaoibeba ile iliyopo. Ya pili ni ya uwiano, ambamo pande mbili zinalinganishwa na kuzidishwa kwa mkingamo. Ya tatu ni uchambuzi wa vizio, ambamo kila taarifa inaandikwa kama sehemu pamoja na kizio chake, na vizio vinavyofanana juu na chini vinakatwa mpaka kibaki kile tu kinachotafutwa. Wakufunzi wanajitahidi kutozipendelea, lakini mimi nitapendelea, maana nimezitumia zote kwa wiki tano. Kanuni ya kwanza inatosha kwa vidonge na sindano za kawaida, na ina kasi. Hatari yake ni kwamba inakaa kichwani kama wimbo, na mwanafunzi mwenye hofu huipindua, akagawanya iliyopo kwa iliyoagizwa, na hakuna kitu ndani ya kanuni yenyewe kitakachomwambia kuwa ameipindua. Katika uchambuzi wa vizio, ukipindua sehemu, vizio vinagoma kukatika, na ukurasa wenyewe unakuonyesha kosa.

Tofauti hiyo inaonekana wazi wiki ya sita, kwenye dawa zinazopimwa kwa mikrogramu kwa kila kilo ya uzito kwa kila dakika. Swali la mfano ni la dopamini: mgonjwa ana kilo 70, agizo ni mikrogramu 5 kwa kilo kwa dakika, mfuko una miligramu 400 katika mililita 250, na pampu inataka mililita kwa saa. Kwa kanuni ya kwanza nilihitaji hatua nne, nami nikapotea katika hatua ya tatu mara mbili mfululizo. Kwa uchambuzi wa vizio niliandika mstari mmoja tu: 5 mara 70 kunipa mikrogramu kwa dakika, mara 60 kunipeleka kwenye saa, gawanya kwa 1,000 kunipeleka kwenye miligramu, mara 250 gawanya kwa 400 kunifikisha kwenye mililita. Jibu ni 13.125, na kwa pampu inayopokea desimali moja linaandikwa mililita 13.1 kwa saa. Kilo zilikatika na kilo, dakika na dakika, mikrogramu na mikrogramu, miligramu na miligramu. Mkufunzi wa somo hilo anauandika mstari huo polepole, kwa mkono, akivikata vizio kimoja kimoja kwa kalamu nyekundu, na nadhani ni dakika kumi na mbili zilizotumika vizuri kuliko zote katika kozi nzima.

Somo la dozi za watoto ni zuri pia. Linaanza na uzito, na linasisitiza kwamba uzito usiotajwa kizio chake usitumike. Mtoto wa pauni 44 ana kilo 20, kwa kuwa kilo moja ni takribani pauni 2.2, anayeichukua 44 kama kilo anampa mtoto zaidi ya maradufu ya dozi yake. Mazoezi yenyewe ni ya kila siku: mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, sirapu yenye miligramu 120 katika mililita 5. Dozi ni miligramu 180, na ujazo ni mililita 7.5. Kila swali linaambatana na kiwango salama cha chini na cha juu, na mwanafunzi lazima aseme kama agizo lenyewe liko ndani ya kiwango hicho kabla ya kulikokotoa. Baadhi ya maagizo yamekosewa kwa makusudi, na jibu sahihi ni kutotoa dawa na kumpigia simu aliyeagiza. Nililikosa swali la kwanza la namna hiyo kwa sababu ya mazoea ya kudhani kwamba kila swali lililoulizwa lina namba ya kujibiwa.

Insulini imepewa nafasi ndogo lakini yenye uzito. Insulini ya kawaida ina yuniti 100 katika kila mililita, hivyo yuniti 8 ni mililita 0.08, kiasi ambacho bomba la sindano la kawaida haliwezi kukipima kwa uhakika. Anayetumia bomba hilo na kuvuta mililita 0.8 amevuta yuniti 80. Kozi inakataza kabisa kuibadili insulini kuwa mililita, na inataka bomba lililowekewa alama za yuniti litumike nyakati zote. Vivyo hivyo kwa matone ya dripu, maelezo ni mafupi na yanatosha: lita moja kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita, ni matone 41.67 kwa dakika, na programu inalikataa jibu hilo na kudai 42, kwa kuwa tone halikatwi. Kwa mpira mdogo wa matone 60 kwa mililita, matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa, na mwanafunzi anapaswa kueleza sababu badala ya kulikariri hilo peke yake.

Sasa nije kwenye mapungufu, ambayo si madogo.

Somo la asilimia na michanganyiko ni hafifu mno kwa kazi linalopaswa kuifanya. Linaeleza kwamba asilimia 5 ya glukosi ni gramu 5 katika kila mililita 100, kisha linaendelea na mambo mengine. Mwanafunzi anayekwenda wodi ya wazazi atakutana na magnesiamu salfeti ya asilimia 50, yenye gramu 5 katika mililita 10, na ataambiwa aandae gramu 4 kwa asilimia 20 za kumpa mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba kupitia mshipa. Lazima aweze kuona kwamba gramu 4 zimo katika mililita 8, kwamba gramu 4 kwa asilimia 20 zinahitaji ujazo wa mililita 20, na kwamba kwa hiyo ataongeza mililita 12 za maji ya sindano. Hiyo ni hesabu ya hatua tatu, inayofanywa huku mgonjwa akitetemeka na kila mtu chumbani akiwa na haraka. Kozi haina hata swali moja la aina hiyo. Nilijifunza nje ya kozi, kwa kuchora bomba la sindano kwenye karatasi na kulijaza kwa penseli, na ninamshauri kila atakayeichukua kozi hii afanye hivyo kabla ya kufika wodi hiyo.

Dawa za unga zimetendewa vibaya zaidi. Zipo maswali manne, na yote yanachukulia kwamba ukiongeza mililita 5 za maji kwenye unga utapata mililita 5 za dawa. Si kweli, kwa sababu unga wenyewe huchukua nafasi. Tuchukue kichupa cha miligramu 500 ambacho unga wake unachukua mililita 0.4. Ukitaka mililita 5 zenye miligramu 100 kila moja, unaongeza mililita 4.6. Ukiongeza 5 kamili unapata 5.4, na ukivuta mililita 2.5 ukidhani ni miligramu 250, umevuta takribani miligramu 231. Kwa mtu mzima anayepewa kichupa kizima jambo hili halina madhara, kwa kuwa dawa yote inaingia mwilini. Kwa mtoto mchanga anayepewa sehemu tu ya kichupa, kosa hili linajirudia kila dozi. Maelekezo ya mtengenezaji hueleza ni maji kiasi gani yaongezwe na mchanganyiko utakuwa na nguvu gani, na kozi iliyotumia wiki nzima kutufundisha kusoma lebo ingeweza kutuonyesha walau karatasi moja ya maelekezo hayo.

Kuna pia kutokubaliana baina ya wakufunzi kuhusu kupunguza desimali. Wiki ya nne tunaambiwa tusipunguze desimali mpaka mwisho wa hesabu. Wiki ya tano mkufunzi mwingine anapunguza kila hatua. Mtoto wa pauni 15 ana kilo 6.82, na dozi ya miligramu 15 kwa kilo ni miligramu 102.3, mwingine anamfanya kilo 7 na kupata 105. Kwa sirapu ile ile ya parasetamoli, mmoja anatoa mililita 4.3 na mwingine 4.4. Tofauti hiyo haimdhuru mtoto, lakini mazoea yanayojengwa hapo yatabebwa mpaka kwenye dawa ambazo dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana. Niliwaandikia kuhusu jambo hilo, wakanijibu baada ya siku mbili kwa heshima na kukubali kwamba kanuni ya wiki ya nne ndiyo sahihi, ila hadi ninamaliza kozi video ya wiki ya tano ilikuwa haijabadilishwa.

Kisanduku cha jibu nacho kinapokea namba bila kizio. Kozi inayohubiri vizio tangu wiki ya pili haipaswi kumpa alama mwanafunzi aliyeandika 7.5 na kunyamaza, kwani hatujui kama amekusudia mililita, vidonge au matone. Nilijilazimisha kuandika kizio kila mara ingawa programu haikukidai, na nadhani ndiyo maana makosa yangu yalipungua.

Huduma moja sikuitarajia, nayo ni mazoezi ya wawili wawili. Wanafunzi wawili wanapewa agizo moja, kila mmoja analikokotoa bila kuona kazi ya mwenzake, na majibu yanafunguliwa kwa pamoja. Yakitofautiana, wote wawili wanarudi kwenye lebo. Hivi ndivyo uhakiki wa mtu wa pili unavyopaswa kufanyika kwa dawa za hatari kubwa kama insulini, heparini na kloridi ya potasiamu. Muuguzi anayemwonyesha mwenzake jibu na kumuuliza kama ni sawa ameshamwelekeza mwenzake huyo aone kile kile alichokiona yeye. Katika mazoezi kumi na manne tuliyofanya na mwenzangu tulitofautiana mara tatu, na mara zote tatu mmoja wetu alikuwa ameisoma lebo vibaya.

Nilirudia jaribio la chuoni wiki moja baada ya kumaliza, nikapata 96. Swali nililolikosa lilikuwa la unga wa kuchanganywa. Ninaweza kuyafungua maswali ya kozi kwa miezi sita zaidi, na kila Jumapili jioni ninafanya kumi ya wiki ya sita pamoja na mawili ya magnesiamu ninayojitungia mwenyewe, kwa kuwa hayo ya mwisho hayamo.